Utumbo Unapokosa Damu: Kuutambua Mapema, Kufika Hospitali na Kutibiwa Ipasavyo

Mgonjwa anajikunja kwa maumivu ya tumbo, lakini ukilibonyeza tumbo lenyewe unakuta ni laini. Hiyo ndiyo dalili ya kukumbuka kuliko zote katika ugonjwa huu. Utumbo ulioanza kukosa damu huuma vibaya sana kabla haujaharibika kiasi cha kulikaza tumbo, na kipindi hicho cha maumivu makali juu ya tumbo laini ndicho ambacho utumbo bado unaweza kuokolewa. Tumbo likishakuwa gumu kama ubao, homa ikapanda na damu ikatoka kwenye choo, mara nyingi sehemu ya utumbo imeshakufa.

Mshipa ukiziba kabisa, utando wa ndani wa utumbo huanza kuumia ndani ya saa chache, na kufikia takriban saa 6 madhara mengi hayarudi nyuma. Karibu nusu ya wanaopatwa na hali hii kwa ghafla hufa, na sababu kubwa ni kwamba ugonjwa hutambuliwa umechelewa. Kwa hiyo kila hatua iliyoandikwa hapa chini ina lengo moja: kupunguza saa kati ya maumivu ya kwanza na mshipa kufunguliwa.

Damu hufikaje kwenye utumbo

Ateri tatu (mishipa inayobeba damu kutoka kwenye moyo) huchomoza kwenye aota, mshipa mkuu wa mwili, na kulisha viungo vya tumbo. Ya kwanza, ateri ya siliaki, hulisha ini, wengu, mfuko wa chakula na mwanzo wa utumbo. Ya pili, ateri ya juu ya utumbo, hubeba mzigo mkubwa: karibu utumbo mwembamba wote na nusu ya kwanza ya utumbo mpana. Ya tatu, ateri ya chini ya utumbo, huhudumia nusu iliyobaki ya utumbo mpana. Mtu akiwa amepumzika, takriban asilimia 20 hadi 25 ya damu inayosukumwa na moyo huelekea huko, na baada ya mlo kiasi hicho huongezeka.

Ateri ya juu ya utumbo huelekea chini karibu sambamba na aota, kwa hiyo bonge la damu linalotoka kwenye moyo huingia humo kwa urahisi. Bonge hilo kwa kawaida hukwama sentimita chache baada ya mwanzo wa mshipa, likiwa limeshavuka matawi ya kwanza. Ndiyo maana mara nyingi mwanzo wa utumbo mwembamba hubaki hai. Damu ikiganda juu ya mafuta yaliyojijenga kwenye ukuta wa mshipa, kizuizi hukaa mdomoni kabisa mwa ateri, na utumbo unaohatarika ni mrefu zaidi. Daktari wa upasuaji anahitaji kujua tofauti hii kabla ya kushika kisu.

Ni nani wa kumshuku

Karibu nusu ya matukio ya ghafla husababishwa na bonge lililosafiri kutoka kwenye moyo. Mgonjwa wa namna hii huwa na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, au alipata shambulio la moyo hivi karibuni, au ana tatizo la vali. Muulize kama ameruka dozi za dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa sababu jibu hilo peke yake linaweza kubadilisha kasi ya kila kitu. Muulize pia kama amewahi kupata kiharusi, au mguu kupoa ghafla na kukosa damu. Wengi wao walishawahi kurusha bonge mahali pengine.

Kundi la pili ni wale ambao mishipa yao imebanwa kwa miaka: wavutaji sigara, wenye kisukari, shinikizo la damu au kolesteroli ya juu. Wengi wao, wakiulizwa vizuri, husema tumbo limekuwa likiwauma kila wakila, kwa miezi kadhaa.

Kundi la tatu halina mshipa ulioziba. Ateri ziko wazi, ila zimejibana kwa sababu damu ni kidogo: mgonjwa mahututi, mwenye moyo ulioshindwa kusukuma, aliyepoteza maji au damu nyingi, anayesafishwa damu kwa mashine, au anayepewa dawa za kupandisha shinikizo. Digoksini, kokeini na ergotamini pia hubana mishipa hiyo. Mgonjwa wa aina hii mara nyingi amelazwa usingizi wa dawa na hawezi kusema anaumwa. Kinachomfichua ni tumbo kujaa, chakula kinachopitishwa kwa mpira kutopita, na laktati (tindikali inayoongezeka kwenye damu viungo vikikosa oksijeni) kupanda bila sababu nyingine.

Kundi la nne, dogo zaidi, ni kuganda kwa damu kwenye vena zinazoitoa damu kwenye utumbo. Huwapata hata vijana: wenye kasoro ya kurithi ya damu kuganda, wenye ugonjwa wa ini, saratani au kongosho iliyovimba, na wanaotumia vidonge vyenye estrojeni. Maumivu yake huja polepole, kwa siku au hata wiki.

Yanapoanza nyumbani

Mwanzoni mgonjwa anaweza kutapika au kuharisha mara moja au mbili, na hapo ndipo wengi hupotea, kwa kudhani ni chakula kilichoharibika. Mtu mwenye ugonjwa wa moyo, au mzee, akipata maumivu makali ya ghafla ya tumbo pamoja na kuharisha, achukuliwe kuwa na tatizo la mshipa hadi vipimo vikanushe. Usingoje uone damu kwenye choo. Usingoje kukuche.

Asile wala asinywe chochote, kwa sababu anaweza kuhitaji upasuaji na kwa sababu chakula huongeza kazi ya utumbo usio na damu. Asipewe dawa ya kuharisha, ya kufunga choo, wala enema (dawa inayoingizwa kupitia njia ya haja kubwa). Asimeze ibuprofeni au diklofenaki: hudhuru figo zilizokwisha kupungukiwa maji na kuchokoza utumbo ulioumia. Kukanda tumbo hakusaidii kitu. Vidonge vyake vya kila siku vibebwe vyote kwenye mfuko, visimezwe njiani.

Andika mambo matano kwenye karatasi: saa maumivu yalipoanza, mara ya mwisho alipokula, magonjwa aliyonayo, dawa anazotumia pamoja na saa ya dozi ya mwisho, na mzio wowote alio nao. Chagua hospitali yenye sitiskani (mashine ya CT scan) na daktari wa upasuaji, hata kama kituo kingine kiko karibu zaidi, mradi mgonjwa ana uwezo wa kuvumilia safari. Mapokezi, usiseme tu “anaumwa tumbo”. Sema hivi: “Ana ugonjwa wa moyo, maumivu yameanza ghafla saa fulani, ni makali kuliko tunavyowahi kuona, na tunaogopa mshipa wa utumbo umeziba.” Sentensi hiyo humpeleka mgonjwa mbele ya foleni kwa haki kabisa.

Saa ya kwanza hospitalini

Sehemu hii imeandikwa kwa ajili ya wahudumu wa afya, lakini ndugu wa mgonjwa anayeifahamu ataelewa kwa nini mambo mengi hufanyika kwa pamoja.

Weka kanula mbili kubwa na uanze dripu ya chumvichumvi mara moja. Wagonjwa hawa hupoteza maji mengi ndani ya utumbo uliovimba, na wengine huhitaji lita kadhaa katika saa za mwanzo. Sikiliza mapafu kadiri unavyoendelea, maana moyo wao mara nyingi ni dhaifu. Weka mpira wa mkojo. Lengo ni angalau mililita 0.5 kwa kila kilo ya uzito kwa saa, yaani mililita 30 kwa saa kwa mtu wa kilo 60. Toa oksijeni. Pitisha mpira wa puani hadi tumboni ikiwa anatapika au tumbo limejaa. Mpe mofini kwa kiasi cha kutuliza. Hofu ya kwamba dawa ya maumivu itaficha ugonjwa haina msingi, na kumwacha mtu akiteseka hakuharakishi uchunguzi hata kidogo.

Antibayotiki zianze mapema, kwa sababu utando ulioumia huruhusu bakteria kuvuka na kuingia kwenye damu. Mpangilio unaotumika sana ni seftriaksoni gramu 2 kwa siku pamoja na metronidazoli miligramu 500 kila baada ya saa 8. Piperasilini pamoja na tazobaktamu pia inafaa.

Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ndiyo dawa ya msingi, isipokuwa kama anatoka damu au ana sababu nyingine ya kuizuia. Dozi ya kuanzia ni yuniti 80 kwa kilo kwenye mshipa, kisha yuniti 18 kwa kilo kwa saa. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni yuniti 4,800, halafu 1,080 kila saa, na kasi hurekebishwa kwa kipimo cha kuganda kwa damu. Kama tayari anatumia dawa ya kuzuia kuganda, hesabu hiyo hubadilika. Ndiyo maana saa ya dozi ya mwisho ina thamani.

Shinikizo likibaki chini baada ya maji, chagua dawa ya kulipandisha kwa uangalifu. Dawa hizi huinua namba kwenye mashine kwa kubana mishipa, ikiwemo ile ile inayolisha utumbo. Noradrenalini kwa dozi ndogo kabisa inayotosha, au dobutamini pale moyo wenyewe unapokuwa dhaifu, ni afadhali. Vasopresini iepukwe inapowezekana.

Kipimo kinachotoa jibu

Kipimo ni sitiskani ya mishipa ya tumbo, yenye dawa ya kung'arisha mishipa kwenye picha inayochomwa kwenye vena, ikipigwa katika awamu mbili: ya ateri na ya vena. Asipewe dawa ya kung'arisha ya kunywa, kwa sababu huchelewesha na hufunika picha ya mishipa. Ombi la kipimo liandikwe wazi kuwa unashuku utumbo kukosa damu, la sivyo fundi atapiga picha ya tumbo ya kawaida yenye awamu moja na bonge litapita bila kuonekana.

Mara kwa mara kipimo husimamishwa kwa sababu kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) iko juu au majibu yake hayajarudi. Hilo ni kosa kubwa. Figo zinaweza kusaidiwa baadaye. Utumbo uliokufa hauna msaada wowote isipokuwa kukatwa.

Damu ya maabara ichukuliwe, lakini isisubiriwe. Laktati ikiwa kawaida haiondoi ugonjwa, kwani katika saa za mwanzo mara nyingi haijapanda. Ikiwa juu, inaweza kumaanisha kwamba tayari utumbo unakufa. Amilesi, kimeng'enya cha kongosho, hupanda kidogo na kuwafanya baadhi ya madaktari waandike kuwa ni kongosho iliyovimba. D-daima, kipimo cha mabaki ya damu iliyoganda, ikiwa kawaida hupunguza sana shaka, ila ikipanda haielezi ni ugonjwa gani. Eksirei ya kawaida ya tumbo huwa safi mwanzoni, na inasaidia zaidi kuonyesha utumbo uliotoboka. Altrasaundi huzuiwa na gesi na maumivu.

Pasipokuwa na sitiskani, anzisha maji, heparini na antibayotiki, kisha hamisha. Simu kwa hospitali inayompokea ipigwe kabla gari halijaondoka. Tumbo likiwa limeshakaza na daktari wa upasuaji yupo, safari ya mbali haina maana: tumbo lifunguliwe hapo hapo.

Kufungua mshipa

Kuna njia mbili. Tumbo likiwa laini na hakuna dalili ya utumbo kufa, mtaalamu anaweza kuingia kupitia ateri ya paja au ya mkono, akafyonza bonge, akaweka dawa ya kuyeyusha au akatanua palipobana kwa puto na stenti (kijibomba kinachoushikilia mshipa uwe wazi). Tumbo likiwa limekaza, au picha ikionyesha hewa nje ya utumbo au ndani ya ukuta wake, ni upasuaji wa kufungua.

Katika upasuaji, mpangilio wa kazi ni huu: damu kwanza, kukata baadaye. Ateri hufunguliwa, bonge huvutwa kwa katheta nyembamba yenye puto. Kama mshipa umebanwa na mafuta, hutengenezwa njia ya kupitisha damu kando au huwekwa stenti. Kisha husubiriwa dakika 20 hadi 30 na utumbo ukiwa umefunikwa kwa vitambaa vya uvuguvugu. Vipande vilivyoonekana vyeusi mara nyingi hurudi rangi ya waridi, na kila sentimita inayobaki ni chakula ambacho mgonjwa ataweza kukifyonza maisha yake yote. Baada ya hapo daktari hutazama rangi, mwendo wa utumbo, mapigo kwenye mishipa midogo, na kama kingo zikikatwa zinatoa damu. Kilichokufa wazi au kutoboka huondolewa.

Kipande chenye mashaka kiachwe. Miisho haiungwi kwa haraka, tumbo linaweza kuachwa wazi chini ya kifuniko maalumu, na upasuaji wa pili hufanyika ndani ya saa 24 hadi 48. Uamuzi huo hufanywa katika upasuaji wa kwanza na haubadilishwi kwa sababu mgonjwa anaonekana nafuu asubuhi inayofuata. Ndugu waelezwe mapema, wasije wakadhani kurudishwa kwake chumba cha upasuaji ni ishara kwamba mambo yameharibika. Damu inaporudi, potasiamu na tindikali iliyokusanyika huingia mwilini ghafla. Moyo unaweza kuvurugika, kwa hiyo saa za mwanzo hupitishwa chumba cha wagonjwa mahututi.

Wagonjwa wa vena wengi hawahitaji kisu. Heparini peke yake, pamoja na kupumzisha utumbo, huwatosha wengi, kisha dawa ya kuzuia kuganda kwa angalau miezi 3 hadi 6, au bila kikomo kama chanzo ni cha kudumu. Wale ambao mishipa imejibana bila kuziba hutibiwa kwa kurekebisha chanzo: kusaidia moyo, kurudisha maji, kuondoa dawa inayobana. Papaverini, dawa ya kulegeza mishipa, inaweza kudondoshwa moja kwa moja kwenye ateri, miligramu 30 hadi 60 kwa saa.

Maumivu yanayokuja kila ukila

Aina ya polepole ina ratiba yake. Maumivu huanza kama dakika 15 hadi 60 baada ya kula, hukaa saa 1 hadi 3, kisha huisha. Mlo mkubwa huuma zaidi ya mdogo. Baada ya miezi, mtu huanza kuogopa chakula na kupungua uzito, na mara nyingi huzungushwa kati ya vipimo vya vidonda vya tumbo na hofu ya saratani. Kwa kawaida ateri mbili kati ya tatu huwa zimebanwa.

Altrasaundi ya mishipa, mgonjwa akiwa hajala, ni mwanzo mzuri. Kasi ya damu inayozidi sentimita 275 kwa sekunde kwenye ateri ya juu ya utumbo, au 200 kwenye ya siliaki, huashiria ubanaji wa asilimia 70 au zaidi. Sitiskani ya mishipa huthibitisha. Matibabu ni stenti, ikiwezekana iliyofunikwa, kwa sababu hukaa wazi muda mrefu zaidi; upasuaji wa kupitisha damu kando huachiwa wale ambao stenti haiwafai. Usimrudishe mtu nyumbani “akanenepe kwanza”: hawezi kunenepa huku akiogopa kula, na mshipa unaweza kuziba kabisa wakati akisubiri. Akiwa amekonda sana, lishe yake ipandishwe polepole baada ya matibabu, huku potasiamu, fosfeti na magnesi zikipimwa. Baada ya stenti humezwa aspirini maisha yote, na klopidogreli kwa mwezi 1 hadi 3 au zaidi. Altrasaundi ya ufuatiliaji hufanywa mwezi wa kwanza, kila miezi 6 kwa miaka 2, halafu kila mwaka. Sigara iachwe kabisa.

Utumbo mpana ukikosa damu, sura huwa nyingine: maumivu ya wastani, mara nyingi upande wa kushoto, haja ya haraka, na damu kwenye choo ndani ya saa 24. Wengi hupona kwa maji ya dripu na kupumzisha utumbo. Kamera huingizwa kupitia njia ya haja kubwa ndani ya saa 48 kwa hewa kidogo, na isiingizwe kabisa tumbo likiwa limekaza. Maumivu yakiwa upande wa kulia pekee, piga sitiskani ya mishipa, kwani huenda ateri ya juu ndiyo inayoziba.

Baada ya kuruhusiwa

Dawa ya kuzuia kuganda ndiyo inayozuia tukio la pili. Kwa warfarini, INR (kipimo cha muda wa damu kuganda) ikae kati ya 2 na 3. Mboga za majani zisiachwe, ila kiasi kisibadilike sana wiki hadi wiki. Aliyekatwa utumbo mrefu amwambie daktari wake wa moyo, kwa sababu vidonge vingine huenda visifyonzwe vizuri. Maumivu makali yakirudi, ni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama stenti iliwekwa mwezi uliopita.

Utumbo mwembamba uliobaki ukiwa chini ya sentimita 200, tegemea kuharisha na kupoteza chumvi. Kunywa maji matupu kwa wingi huongeza upotevu, jambo linalowashangaza wagonjwa wengi: maji huvuta chumvi kutoka mwilini na kutoka nayo. Maji matupu, chai na soda visizidi lita 1 kwa siku, na kiu izimwe kwa mchanganyiko huu katika lita 1 ya maji safi: glukosi gramu 20 (vijiko 6 vya chai), chumvi gramu 3.5 (kijiko 1 cha chai kilichosawazishwa) na soda ya kuokea (bikaboneti ya sodiamu, si magadi) gramu 2.5 (nusu kijiko iliyojaa). Uchanganywe upya kila siku na unywewe kidogo kidogo, ukiwa baridi. Mwenye moyo uliochoka asianze bila daktari kupanga kiasi, kwani chumvi hiyo inaweza kumjaza maji mapafuni. Loperamidi, dawa ya kupunguza kuharisha, imezwe dakika 30 hadi 60 kabla ya mlo. Ikiwa zaidi ya sentimita 60 za mwisho wa utumbo mwembamba zimeondolewa, vitamini B12 haitafyonzwa tena kwa mdomo vya kutosha, na sindano ya miligramu 1 kila baada ya miezi 2 au 3 huwa ya maisha.